Mkusanyo wa Chuo Katika Soko la Mukuyuni

Katika miaka ya sabini, nilipokuwa nikifundisha sanaa katika chuo kikuu jijini Nairobi, nilimwomba mkuu wa idara aniruhusu kupeleka Mukuyuni sehemu ya mkusanyo wetu: viondo, vigoda na vibuyu vilivyonakshiwa. Vyote vilitoka Ukambani, lakini watu wa huko hawakuwa wameviona tangu vifungiwe kabatini. Alikubali shingo upande. "Nitakuja kujionea," akasema. "Nikikuta watu wanapita tu, makasha hayatoki tena."

Tulivipanga mezani katika ghala la chama cha ushirika, siku ya soko, na kando ya kila kimoja tukaweka maelezo yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa. Watu waliingia, wakafunga mikono nyuma, wakazunguka kimya kama waliokuja kumjulia hali mgonjwa, wakashukuru, wakatoka. Asubuhi ilianza kuyoyoma hivyo, na matumaini yangu pamoja nayo.

Ndipo akaingia mama mmoja, mfanyabiashara wa viondo.

"Mwalimu, kiondo hiki bei gani?"

"Hakiuzwi, mama. Ni cha chuo."

"Kiko mezani, leo ni soko, na hakiuzwi? Sema bei, usione haya."

Kabla sijajibu alikwisha kuanza kukikosoa, kama afanyavyo mnunuzi yeyote mwenye nia: mdomo umepinda, rangi imepauka upande mmoja, na mkanda umesukwa na mtu mwingine. Nikamwuliza huyo mtu mwingine anamwonea wapi. Akanionyesha mahali msuko unapobadilika. Mzee aliyekuwa akielekea mlangoni akarudi kukitetea kiondo.

"Usimdanganye mwalimu! Kiondo kisichopinda mdomo kimebeba nini maishani?"

Nikaelewa hapo hapo. Niliweka beseni la maji na taulo mlangoni, nikayaondoa maelezo yangu, nikawa muuzaji asiyeuza. Kila aliyenawa mikono aliruhusiwa kushika kitu na kukikosoa. Mimi na wanafunzi wangu tulilazimika kukisifu, na kusifu usichokijua ni kazi ngumu. Kufikia adhuhuri ghala lilikuwa limefurika, na sauti zilisikika hadi barabarani.

Mkuu wa idara aliwasili katikati ya zogo hilo, suti yake imejaa vumbi.

"Unanadi mali ya chuo?" akaninong'oneza kwa hasira.

Yule mama akamdhania mshindani. "Mzee, nawa kwanza. Kigoda hicho nimekitangulia mimi. Na tena ni kibovu: ona mguu ulivyofungwa waya."

"Kibovu?" Mkuu alivua koti, akanawa, akakipindua kigoda. "Aliyefunga waya huu alikipenda, akashindwa kukitupa. Tazama alivyouzungusha taratibu asiifunike nakshi."

"Kwa hiyo unaongeza bei?"

"Naongeza!"

"Mwalimu, huyu mzee wako ananiharibia biashara!"

Walibishana mpaka jua likapoa, na watu wakawazunguka wakichagua upande. Tulipokuwa tukifunga makasha, mkuu alikiviringisha kigoda katika blanketi kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaniuliza bila kuniangalia:

"Na huko Matiliku jirani, soko lao ni siku gani?"