Kidole Kilichomtoa Kapteni Mbele ya Wakwe Zake

Leo nimemmaliza mtu kwa kidole kimoja, kisha nikala biriani ya mama mkwe wake.

Ijumaa kapteni wetu wa kriketi, Imrani, alitangaza vikosi kwenye grupu. Mimi wa kikosi cha kwanza miaka yote kanishusha cha tatu, kwa watoto wa sekondari. Akaandika: "Mwalimu, umri umeenda 😂😂"

Grupu hilo lina wanafunzi wangu.

Nyie mngejibu nini?

Leo wakwe zake wakaja kutoka Dar kumwona akicheza.

Sasa, ligi yetu haina waamuzi wa kulipwa. Timu inayopiga ndiyo inayotoa mwamuzi. Imrani akaniita: "Mwalimu, njoo usimame wewe. Kusimama si unaweza?"

Nikasimama.

Imrani kafika mbio arobaini na tisa. Bado moja apate hamsini. Mama mkwe kashatoa simu, anarekodi.

Mpira ukamgonga kwenye pedi ya mguuni. Wapinzani wakaomba atolewe, ila kinyonge tu, maana mtu hutolewa hivyo kama mpira ungepiga stampu, vile vijiti vitatu vya nyuma yake, na huu ulikuwa unaelekea stendi ya Msamvu, stampu ziko kwingine kabisa.

Nikanyoosha kidole. Toka.

"Mwalimu! Wewe si wa kwetu?"

"Kapteni, mwamuzi habishiwi."

Wakati wa chakula nikamfuata baba mkwe, sahani ya biriani mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hivi kijana wetu mbona katolewa, na alikuwa anapiga vizuri?"

Nikainama kwa adabu zote.

"Umri, mzee. Umeenda."