Siku Nane za Vaileth Kule Valbrune

Vaileth ni mtu wa Tukuyu, mrefu, wa sauti ya chini, na kwa miaka mitatu niliyokaa naye jirani Takoma Park, Marekani, sijapata kumwona akikimbilia basi. Likimwacha, limemwacha. Kazi yake ilikuwa kumhudumia bibi mmoja wa Kifaransa kule Fairfax: kumwogesha, kumpikia, kumpa dawa kwa saa zake, na kumsikiliza, ambayo ndiyo kazi kubwa kuliko zote.

Mimi ni Mwatumu, mtu wa Pangani, mwepesi wa mdomo na mwepesi wa hasira. Nilikuwa kwenye duka la fotokopi karibu na stesheni ya treni, nikifanya kazi bila kibali. Viza yangu ya masomo iliisha mwaka 1996; tajiri wangu alijua, na Vaileth alijua, na mimi nilijua kwamba wanajua. Nalisema hili mapema nisije nikaambiwa nimelificha.

Yule bibi aliitwa Colette. Alikuja Virginia na mume askari baada ya vita, akazaa, akafiwa na mume, akazeekea hapo. Mwaka 1998, akiwa tayari kwenye kiti cha magurudumu, akang'ang'ania kwamba lazima auone mji aliozaliwa kabla hajafa. Mji wenyewe ni Valbrune, mdogo, uko juu ya kilima, umezungukwa na ukuta wa mawe uliojengwa kabla ya mababu wa mababu zetu. Wanawe wakasema hawana nafasi. Basi Vaileth akaambiwa aende naye, siku nane za Septemba.

Tatizo lilikuwa karatasi. Maombi ya Vaileth ya green card yalikuwa bado ofisini, na mtu wa namna hiyo akitoka Marekani bila ruhusa, maombi yamekufa na mlango umefungwa. Wakili akamtafutia ruhusa: karatasi moja nyembamba yenye picha yake, ambayo sote tuliiita parole. Akirudi nayo, anaingia. Akirudi bila hiyo, hapiti. Na binti yake Irene, miaka tisa, alikuwa anabaki kwangu.

Tena ulikuwa wakati mbaya. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu mabomu ya Dar na Nairobi, na pasipoti ya Tanzania ilikuwa inageuzwageuzwa mno kila mahali inapotolewa.

Siku mbili kabla ya safari alipita dukani na ile karatasi ndani ya bahasha. Nilimnyang'anya.

"Mama Irene, hii ndiyo unaibeba hivi hivi? Na bibi akiimwagia supu je?"

"Nitaiweka kwenye Biblia."

"Biblia gani! Lete hapa."

Nikaiingiza kwenye mashine, nikaitia plastiki. Sisi tumekuzwa hivyo. Cheti cha kuzaliwa, cha darasa la saba, cha ubatizo, vyote kwetu vinatiwa plastiki, na asiyefanya hivyo anaonekana hajali mambo yake. Karatasi ikatoka inang'aa, ya moto bado. Vaileth akaishika kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Sikumtoza kitu, na siku nzima nilijiona mtu mwema.

Yaliyotokea kule nimeyapata kwake mwenyewe, kidogo kidogo, kwa sababu hapendi kuyasimulia.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Walifikia hoteli ndogo chini ya kanisa, barabara zote za mawe ya mviringo, na kiti cha bibi kinaruka kila hatua. Siku ya pili, gurudumu likanasa mlangoni, Vaileth akasema kwa sauti, "Mungu wangu, nisaidie mie." Mpishi akatoka jikoni anacheka. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, jina lake Fidelis, hajasikia Kiswahili tangu Krismasi. Akawaletea kahawa, wakakaa kuongea. Vaileth, kwa kujivuna kidogo, akamwonyesha jinsi anavyotunza karatasi zake.

Fidelis akafuta mikono kwenye aproni, akaiangalia mbele na nyuma.

"Mama, hii kartasi ulifungia ndani ya plastique?"

"Ndiyo, isiharibike."

"Sasa ba-police ya kule batapiga cachet, muhuri yabo, wapi? Angalia, nafasi ya cachet iko hapa chini. Juu ya plastique haishike." Akainamisha kichwa. "Ndugu yangu moja alifanya hivi na kartasi yake. Balikatala. Balisema iko faux, ya uongo, sababu mutu anafungia picha ya mwingine ndani."

"Wakamfanya nini?"

"Mama, usiniulize."

Tangu hapo Vaileth hakulala usingizi wa kueleweka. Siku sita zilikuwa zimebaki, na mji mzima uligeuka kuwa chumba cha kusubiria. Bibi Colette alionyesha kwa fimbo: hapa tulifulia nguo, hapa baba aliuza ngozi, hapa nilianguka nikavunja jino. Vaileth alikuwa anasukuma na kuitikia, lakini moyoni anamwona afisa asiye na uso akimwambia geuka, rudi ulikotoka. Kengele ya kanisa ililia kila robo saa, na kila ilipolia alihesabu saa zilizobaki. Asubuhi moja askari wawili wa pale waliingia dukani kununua mikate. Akageuza kiti kwa kasi akakiingiza kwenye kichochoro, mpaka bibi akapiga kelele kwamba anauawa.

Akajaribu kuibandua plastiki kwa kisu cha matunda. Ilipoachia kona, wino ukaja nao, herufi mbili za kwanza za jina lake. Akaacha. Akakaa kwenye kitanda cha hoteli akilia kimya, kwa sababu bibi alikuwa amesinzia upande wa pili.

Jumapili akanipigia simu.

"Dada Mwatumu, mpishi wa hapa anasema ile karatasi haitagongeka muhuri. Watasema ni ya bandia. Irene nitamwona lini?"

"Aah, Mama Irene! Unamsikiliza mtu wa jikoni?" nikamjibu. "Hakuna neno. Njoo tu."

Nikakata simu. Nilijua Fidelis amesema kweli; nilijua palepale, kama mtu anayekumbuka ameacha jiko linawaka. Kesho yake nikampigia wakili wake. Sauti ikaniuliza, naongea na nani? Mimi niliyemwambia mwenzangu njoo tu, nikarudisha simu mahali pake bila kujibu. Sikupiga tena.

Siku ya kurudi nikamchukua Irene mpaka uwanja wa Dulles. Ndege ilitua mchana. Watu wakatoka, wakakumbatiana, wakaondoka. Kisha akatokea Bibi Colette peke yake, anasukumwa na mfanyakazi wa uwanja, nywele zimesimama.

"They took her," akaniambia. "Four men at a desk, and they took her."

Irene akanishika mkono. "Auntie, where's Mom? Is she coming?"

"Anakuja, mwanangu. Kaa hapo na bibi."

Nikawaketisha, na mimi nikasogea. Nilisimama mlangoni pa kutokea, mahali ninapoona basi. Kila aliyepita na sare nilimtazama mikono ameshika nini. Nilihesabu moyoni: wakitoka kuulizia mwanamke wa duka la fotokopi, nitavuka barabara, nitapanda, na mtoto atabaki na bibi. Ndivyo nilivyopanga. Mtoto alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani kwa ajili ya mama yake, na mimi nilipanga hivyo.

Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Irene aliacha kuniuliza, na hilo lilinitisha kuliko maswali. Kila mlango wa vioo ulipofunguka alinyanyuka nusu, akaketi tena. Nilitamani kumwendea nimpakate. Sikuthubutu kuuacha ule mlango.

Ilikuwa karibu na magharibi Vaileth alipotoka, begi begani, anatembea kwa mwendo wake ule ule. Irene akapiga kelele, akamrukia kiunoni. Bibi Colette akaanza kuwatukana watu wote wa serikali kwa Kifaransa. Nami nikaja wa mwisho, nikapokea begi.

"Wamekufanya nini?" nikauliza kwa kunong'ona.

"Wameikata plastiki kwa mkasi. Wakatoa faili, wakapima sura yangu, wakapiga simu, wakanirudisha kwenye benchi. Tena na tena." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mwisho wakanigongea muhuri kwenye karatasi nyingine."

"Na kuhusu plastiki?"

"Waliniuliza mara tatu ni duka gani, na nani aliyeifanya. Walisema nikitaja nitatoka mapema."

Nikageuka kuutazama mlango wa kutokea, hapo hapo, mbele ya mtoto.

"Ukawaambia nini?"

"Nikasema ni mimi mwenyewe. Nyumbani, kwa pasi."

Sikuweza kumtazama. Nikashughulika na mikanda ya begi, nikaikaza, nikailegeza. Mtu mwenye adabu angesema samahani, au asante. Mimi, ili tu nisikae kimya, nikamuuliza swali la kipumbavu kuliko yote niliyowahi kuuliza.

"Haya, na huo mji wa bibi ulikuwaje? Mzuri?"

Vaileth alikuwa amempakata Irene, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia.

"Hata sijui, dada Mwatumu," akasema. "Siku sita zote nilikuwa najizoeza kutotaja jina lako."