Dereva wa Sangara Anayesimama Simu Ikilia

Saa moja kasoro robo asubuhi, feri ya Kamanga imeshatia nanga upande wa mjini na Ndalahwa Mhoja anateremsha lori lake taratibu. Nyuma kuna sangara waliofunikwa barafu, wanasubiriwa kiwandani. Kabla hajafika Pasiansi, simu ya mkononi inalia.

Hapokei. Anatafuta pa kuegesha, anazima injini, ndipo anaishika.

"Mbona imelia sana?" Sauti ya tajiri wake, mwenye lori, inasikika hadi kiti cha abiria.

"Nilikuwa natafuta pa kusimama, mzee."

"Barafu inayeyuka, wewe unatafuta pa kusimama." Simu inakatwa.

Ndalahwa, 43, ameendesha malori miaka kumi na tisa. Simu alikabidhiwa mwanzoni mwa mwaka jana, 1998, ili tajiri ajue kila saa samaki wamefika wapi. Mtaani kwake hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na anakiri kwamba maringo yalikuwepo. "Hata isipolia nilikuwa naishika," anasema.

Agosti ya mwaka huo ililia akiwa kwenye barabara hii hii. Alikuwa baba mkwe wake, mzee Ngosha, aliyetoka Magu akapita ofisini kwa tajiri na kupewa simu amsalimie. Mkono wa kushoto wa Ndalahwa ulishika simu. Wa kulia, kama mkwe yeyote aliyelelewa vizuri Usukumani, ukavua kofia.

"Nikasema shikamoo baba, nikainama kidogo," anasimulia. Yeye hacheki, ingawa wenzake kule feri wanacheka hadi leo. Usukani haukuwa na mtu. Lori likatoka barabarani, likamgonga Dorotea, mama aliyekuwa akikaanga mihogo kando ya njia.

Dorotea alilazwa miezi miwili na sasa anatembelea mkongojo. Ndalahwa alipokwenda kumwona, mama huyo alimuuliza alikuwa akitazama wapi. "Nikamwambia nilikuwa namsalimia mkwe. Akageukia ukutani."

Tangu hapo haongei na simu gari likitembea. Tajiri amempa hadi mwisho wa mwezi huu: apokee papo hapo au aache funguo. Mshahara ni shilingi 45,000, na watoto watano wanautegemea. Inauma kuona mtu aliyejifunza kwa gharama hiyo akiitwa mkaidi.

Anapanga kumwomba tajiri simu ikae feri, karani wa pale awe anapiga kiwandani lori likivuka. Akikataliwa, atarudi kwao Magu kulima pamba.

"Pamba ikiharibika, mwakani unapanda tena," anasema akiwasha gari. "Mguu wa mtu utaupanda wapi?"