Msuluhishi Asiyesemeshwa na Mdogo Wake

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwakalisha mezani watu waliokuwa wakiuana. Nchi yenyewe ni ya jirani, sitaitaja. Wapo ndugu za marehemu wa kule ninaokutana nao sokoni. Nilikwenda nikiwa waziri mstaafu mwenye tai nyingi na subira kidogo, nikakaa hotelini, nikiandika vifungu na kuvifuta. Mkataba tuliousaini ulidumu wiki tatu. Mimi nilibaki na picha ya siku ya kusaini, nimeitundika sebuleni kwangu Goba: nipo katikati, nimeshika mikono ya majenerali wawili. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nilikuwa nawazuia wasikimbie.

Na tangu mazungumzo hayo mdogo wangu wa tumbo moja, mwalimu wa hesabu kule Kinyerezi, alikuwa hataki maneno na mimi. Si kwamba aliacha kuniamkia. Tukikutana harusini alisema, "Shikamoo, kaka," huku akiangalia feni. Nikisema marahaba, ameshageuka.

Sababu naijua, ingawa kwa miaka nilijifanya kwamba ni suala tata. Mama yetu alifariki siku ya pili ya mazungumzo ya mwisho. Mdogo wangu alinipigia simu asubuhi. Nikamwambia nikiondoka, vita vitarudi. Basi sikuondoka, na vita vikarudi. Siku ya mazishi nikahojiwa redioni, nikasema kwa sauti nzito kwamba kila mama anayelia katika nchi ile ni mama yangu. Waombolezaji walinisikia wakiwa chini ya turubai. Nasikia mjomba wetu aliuliza, "Sasa huyu aliyemo kwenye jeneza ni mama wa nani?"

Mwaka jana waandaaji wa makongamano walipoacha kunialika, nikawa nashinda nyumbani nikimfundisha mke wangu namna ya kupanga sahani. Siku moja akaweka mwiko chini.

"Mzee, nenda Kinyerezi. Wenye bunduki uliwafuata porini. Huyu ana chaki tu."

Nikaenda. Nilivaa suti, na naona haya kusema kwamba mfukoni nilikuwa na karatasi yenye hoja nne. Nilimkuta barazani akisahihisha mitihani. Akaiamkia mitihani yake shikamoo, akanisogezea kiti cha plastiki. Nikakohoa kidogo.

"Mdogo wangu, katika jambo hili, pande zote mbili..."

Akainua kichwa. "Pande zipi?"

"Maana yangu, kila mmoja wetu..."

"Kaka, mie nilimuuguza, nikanunua jeneza, nikamzika, nikapokea watu siku tatu. Niambie upande wangu ulikosea wapi, nisahihishe. Kalamu nyekundu ninayo."

Nimetukanwa na majenerali katika lugha tatu, na kila mara nilipata la kujibu. Safari hii nikatoa karatasi mfukoni. Nikachungulia hoja ya pili. Ilihusu kujenga mazingira ya kuaminiana. Nikaikunja karatasi.

Ndipo nikamwambia nisilowahi kumwambia mtu, hata mke wangu. Mazungumzo yangeweza kusimama siku mbili. Msuluhishi mwenzangu alinisihi niende nikazike, yeye angeshika kiti.

"Nilikataa," nikasema. "Niliogopa wasije wakasaini mbele yake. Nilitaka picha ile iwe yangu."

Shemeji yangu alikuwa ametokea na birika la chai. Akasimama palepale mlangoni. Mdogo wangu akaifunika kalamu nyekundu.

"Hilo angalau ni jibu," akasema. "Sijakusamehe, usije ukaenda kutangaza redioni. Jumamosi nakwenda Bunju kupalilia kaburi. Ukitaka, njoo. Na hiyo suti uiache."

Jumamosi nilifika na jembe jipya, karatasi ya dukani bado imeganda kwenye mpini. Nusu saa haikuisha, viganja vimetoka malengelenge.

"Kaka, hayo unayong'oa ni maua. Nilipanda mwenyewe."

Nikayarudishia ardhini kadiri nilivyoweza, yakasimama kilevi. Baadaye tulikaa chini tukala mihogo aliyofungiwa na mkewe, na mie nikauliza swali nililolikwepa miaka yote.

"Mama aliniulizia?"

"Alikuulizia. Alitaka kujua kama huko unakula."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia unakula vizuri. Nilibahatisha tu."

Alibahatisha sawa. Pale hotelini tulikuwa tunakula mara nne kwa siku, na mie ndiye niliyelalamika kwamba samaki wamepoa. Nikaanza kulia, kilio kibaya cha mzee mwenye muhogo mdomoni, nikapaliwa. Mdogo wangu alinigonga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kisha akanipa chupa ya maji na kunitazama usoni.

"Kunywa taratibu," akasema. "Upande ule wa miguuni bado una majani."