Mama Kamba na kiti cha sita

Saa moja na nusu asubuhi, na Mama Kamba yuko juu ya keria ya gari, miguu peku, goti moja limekandamiza turubai, meno yameshika ncha ya kamba. Usijaribu kumsalimia sasa hivi. Atakuitikia kwa pua.

Anakaza fundo, analivuta mara mbili, anaruka chini na kulipiga gari kofi ubavuni. "Haya! Hapo hata kije kimbunga haking'oi kitu," anasema, kisha ndipo anapokumbuka salamu. "Karibu, karibu. Ila usisimame hapo, utamwagiwa maji."

Kwa miaka tisa, mama huyu wa watoto watatu amefanya kazi katika karakana inayokodisha magari ya porini kwa familia zinazokwenda kupiga kambi. Makanika akimalizana na injini, gari linaingia mikononi mwake. Yeye ndiye anayeamua droo za mbao zikae wapi nyuma, mtungi wa gesi ufungwe upande gani, hema liende juu au buti, na kwa nini shoka halilali kitanda kimoja na magodoro. Kwa hesabu yake ya haraka haraka, ameshapanga safari zaidi ya mia sita.

Katika hizo mia sita, hajasafiri hata moja.

"Kazi yangu inaishia getini," anasema na kucheka. "Gari likiondoka napunga mkono. Likikata kona, nachukua ufagio."

Leo, Jumamosi, ni habari nyingine. Leo anapanga gari la watu wake mwenyewe. Bosi amemwachia Kifaru, gari kuukuu kuliko yote pale uani, kwa siku mbili bila malipo. Safari hii imeshakwama mara tatu, maana kila Kifaru anapokuwa huru, mteja mpya anatokea. Mama mkwe wake, mwenye miaka sabini na minne, ameanza kumchokoza: "Mwanangu, ndani ya hema lako nitalala lini? Au mnangoja mje mnifunike nalo?"

Mzaha huo unamchekesha Mama Kamba, lakini pia unamchoma. Jumatatu asubuhi Kifaru ana mteja. Geti la kambi hufungwa saa kumi na moja jioni, na njia ni ya saa saba. Wasipotoka kabla ya saa nne, safari imekufa kwa mara ya nne.

"Nikishindwa leo, sijui nitamtazamaje yule mama," anasema, na kwa mara ya kwanza hacheki.

Ana kanuni moja, na anaihubiri kwa kila mteja: kinachotakiwa kwanza huingia mwisho. Hema litajengwa kabla ya chakula kupikwa, kwa hiyo hema liwe karibu na mlango kuliko sufuria. Taa ikae mahali ambapo mkono utaifikia bila macho. Vizito chini, karibu na katikati. Juu ya keria, kilo sabini na tano basi, hata mteja alie machozi.

Kanuni hiyo hakufundishwa na mtu. Aliipata kwa aibu. Mwaka wake wa kwanza alipanga gari likapendeza mpaka makanika wakaja kulitazama. Kila kitu kilikaa sawia, ila jeki aliilaza chini kabisa, chini ya magodoro, vyombo, viti na nguo za watu watano. Tairi likapasuka njiani, mvua inanyesha.

"Walishusha gari zima kwenye tope," anasimulia, mkono kichwani. "Yule baba aliporudi hakunigombeza. Alinionyesha picha tu, godoro langu limelala barabarani kama mlevi. Weee! Bora angenitukana."

Tangu siku hiyo, hakuna familia inayotoka getini bila kufanya mtihani. Wanapanda wote, wanafunga mikanda, kisha Mama Kamba anasimama dirishani na kuuliza kama mwalimu mkali: Jeki iko wapi? Maji yako wapi? Taa iko wapi? Anayejibu anashuka na kukileta kitu chenyewe kabla yeye hajahesabu hadi sitini. Ukishindwa, unarudia. Daktari mmoja alirudia mara nne, mkewe akicheka hadi akaomba maji.

"Na maji yenyewe akakosa kuyaona," anakumbushia makanika aliye chini ya gari la pili.

Saa mbili na nusu familia inafika. Mume wake ni seremala, na droo za Kifaru ni kazi ya mikono yake. Anazifungua na kuzifunga moja moja, kama mtu anayewasalimia watoto waliokwenda kuishi kwa shangazi. Nyuma yake wanakuja binti yao wa miaka kumi na minne na mapacha wa miaka minane, ambao tayari wanagombania dirisha. Mwisho anaingia bibi yao, na kigoda chake mkononi.

"Mama, viti vya kukunja vipo vya kutosha," Mama Kamba anamwambia kwa upole.

"Hivyo ni vyenu. Mimi mgongo wangu unajuana na hiki."

Kigoda kinapanda juu. Katika safari mia sita hajawahi kumwachia mteja aongeze kitu dakika za mwisho, lakini mama mkwe si mteja.

Saa nne kasoro dakika ishirini, kazi imekwisha. Hema liko mlangoni, madumu mawili yamefungwa ubavuni, jeki iko chini ya kiti cha dereva. Mume ameshika usukani, mama yake yuko pembeni yake, watoto watatu wamejaa kiti cha nyuma. Kuna pia kiti cha sita, kile kidogo cha kukunjwa nyuma kabisa. Juu yake Mama Kamba amefunga sanduku lake maarufu la akiba: kamba za ziada, taa za ziada, sufuria za ziada, hata vijiko vya kuziba pengo la vijiko vitakavyopotea. Amelikaza kwa mikanda mitatu.

Anafunga mlango wa nyuma. Anarudi hatua tano, anashika kiuno, anatazama. Halafu, jamani, anainua mkono na kuanza kupunga.

Mume wake anawasha gari. Naye amezoea! Miaka tisa amemsikia mkewe akisimulia jinsi magari yanavyotoka.

"Zima hilo gari," anasema mama yake.

Linazimwa. Bibi anashusha kioo taratibu, anatoa kichwa.

"Wewe mwalimu, mtihani wetu uko wapi? Kila jioni nyumbani unatuimbia jeki, maji, taa. Leo naanza mimi. Jeki iko wapi?"

"Chini ya kiti cha dereva, mama."

"Maji?"

"Ubavuni, kushoto."

"Na mama wa hawa watoto, umempanga wapi?"

Mama Kamba anageuka. Anatazama mlango wa nyuma. Mkono wake bado uko hewani.

Makanika anatoka chini ya gari akiwa amelala chali, anacheka hadi spana inamponyoka. Mapacha wanapiga kelele, "Mama umefeli! Mama rudia!" Mume ameinamia usukani, mabega yanatikisika. Ni kweli mganga hajigangi, lakini huyu alikuwa amejisahau mzima mzima.

"Nimehesabu wasafiri," anasema Mama Kamba kwa sauti ndogo. "Sijazoea kujihesabu."

"Basi shusha hilo sanduku," bibi anaamuru.

"Mama, humo mna akiba yote. Kamba ikikatika je? Taa ikifa?"

"Taa ikifa tutakaa gizani na wewe. Nikutake wewe au nitake vijiko?"

Mama Kamba anafuta macho kwa kiganja, anacheka, anaanza kufungua mikanda yake mwenyewe. Inamgharimu dakika nane, maana alikaza kweli kweli. Sanduku linabaki chini uani, na makanika anaahidi kulilinda. Saa nne kasoro dakika tano, Kifaru anakata kona. Safari hii aliyebaki na ufagio ni bosi.

Jumatatu asubuhi amerudi juu ya keria, shingo imeungua jua, sauti imekauka kwa kuimba. Kamba moja ilikatika, anakiri, na kijiko kimoja hakijulikani kilipo. Mama mkwe amelala hemani usiku kucha na sasa anadai safari kama hii kila mwaka, mwezi kama huu. Bosi ameshaiandika ukutani kwa chaki: Kifaru, Mama Kamba, usiguse.

Kuhusu wateja, mpango wake ni mmoja. Mtihani umeongezwa swali la nne, na familia ya watu wanne inayotoka leo ndiyo ya kwanza kulijibu. Jeki wameipata. Maji wameyapata. Taa pia. Mama Kamba anamgeukia mwanamke aliyesimama nje, mikono imejaa mifuko, akiwahimiza wengine wafunge mikanda.

"Na wewe, dada," anamuuliza, "kiti chako kiko wapi?"