Kondensa Niliyoiacha Stoo

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana. Niliitwa kushona viti. Hoteli moja ya Diani ilikuwa na magari matatu ya zamani, ya Kiingereza, ya kuwatembeza wageni na kuwabeba maharusi, na ngozi ya viti vyake ilikuwa imepasuka kwa jua na chumvi. Mimi nilikuwa msichana wa bara, mzaliwa wa Ukambani, niliyemfuata dada yangu Ukunda nikiwa na cherehani moja na nguo mbili. Gereji ilikuwa nyuma ya jikoni, kuta za mawe ya matumbawe na paa la makuti, na mbega walipita juu yake wakiangusha majani hadi kwenye boneti. Nikiikumbuka asubuhi ile, naiona kama mtu aonavyo kitu kilicho chini ya maji matulivu. Kila kitu kiko mahali pake, lakini kinachezacheza.

"Shikamoo, Fundi," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Jina lako nani?"

"Syombua."

"Basi, Syombua, kabla hujashona, njoo uone kinacholala chini ya kiti."

Huyo ndiye Fundi Mkuu, Mduruma wa upande wa Kinango, mrefu, mwenye maneno machache na vidole virefu kama vya mpiga zumari. Aliinua kiti cha nyuma cha gari la rangi ya mtindi, akatoa sanduku la bati, akatandika kanga kuukuu sakafuni. Kisha akaanza kupanga kimoja kimoja bila haraka. Spana za inchi, kwa kuwa nati za magari yale hazikubali spana za milimita. Bisibisi mbili, koleo, msasa, waya wa kufungia, tepu nyeusi. Mkanda wa feni. Mpira wa rejeta. Plagi mbili, rota, kiwambo cha pampu ya petroli. Kipande cha mbao cha kuwekea jeki, maana mchanga wetu humeza jeki kama uji. Na mche wa sabuni.

Nilicheka nilipoona sabuni. Hakukasirika. "Tangi likitoboka," alisema, "usishike maji. Shika sabuni kavu, uisugue kwenye tundu mpaka izibe. Itakufikisha nyumbani."

Mwisho alinipa kitu kilichofungwa katika kitambaa. Kilikuwa kikopo cha chuma, hakizidi kiungo cha kidole gumba, chenye uzi mmoja wa waya. "Hii ni kondensa," akasema. Akanieleza kwamba ndani ya distributa mna vidomo viwili vya chuma viitwavyo kontakti, ambavyo hufunguka na kufungana ili plagi zipate cheche, na kwamba kondensa huvilinda visiungue. Ikifa, injini hukohoa, hulipuka kwenye bomba la moshi, kisha hunyamaza. Hakuna namna ya kuitengeneza. Ni kubadilisha tu.

Viti nilivimaliza kwa miezi mitatu. Fundi Mkuu akamwambia Meneja wa kwanza, mama mmoja mpole aliyependa kuja gereji kunusa mafuta, kwamba mikono inayojua uzi itajua na waya. Nikahamishiwa stoo ya vipuri. Hapo nilikaa miaka mingi, na nadhani ndiyo miaka niliyokuwa na furaha nisiyoijua. Kila Jumatatu nilitoa masanduku matatu, nikafuta kutu, nikapaka oili, nikafunga kila kitu katika kipande cha kanga chenye rangi yake, ili mtu aweze kukipata kwa haraka. Kontakti zilikuwa kwenye nyekundu, kondensa kwenye buluu. Adhuhuri, wenzangu wakiwa msikitini, gereji ilikuwa kimya, mwanga ukipenya kwenye makuti na kuanguka vitone vitone juu ya boneti, nami nikasinzia nikiwa nimeshika spana.

Fundi Mkuu hakusinzia. Wikendi yake ilikuwa ya harusi za watu wengine. Mke wake alikuwa amefariki mapema, na binti yao wa pekee, Mejumaa, alilelewa Msambweni na dada wa mamake. Alimwona mara chache. Aliyasema hayo mara moja tu, akiwa amelala chini ya gari, miguu yake peke yake ikionekana.

Alipostaafu na kurudi kwao Kinango, mimi nilikuwa nimepata leseni. Nikafanywa dereva wa gari la mtindi, mwanamke wa kwanza kukabidhiwa usukani katika hoteli ile. Mwaka uleule tukaletewa Meneja mpya wa Usafiri, kijana wa Nairobi, nadhifu, asiyekuwa na ubaya wowote moyoni. Siku moja alifungua buti na kuinua kiti.

"Madam, hii sanduku ni ya nini? Ni mzito sana. Wageni wanakosa mahali ya kuweka mabegi."

"Ni vipuri vya njiani, Bwana Meneja."

"Siku hizi kuna simu. Gari ikikataa tunaita ile ya kuvuta. Weka stoo. Bakisha jeki na spana kidogo."

Nilikuwa na wiki sita tu kwenye usukani. Nikasema, "Sawa, Bwana Meneja." Nikalibeba sanduku mwenyewe hadi stoo na kuliweka kwenye rafu ya chini. Kondensa ingeweza kulala katika mfuko wa shati langu la sare na nisingehisi uzito wake. Sikuitoa.

Miezi ikapita, gari likienda vizuri. Kisha habari ikaja kwamba Mejumaa, ambaye sasa alikuwa muuguzi, anaolewa Msambweni. Fundi Mkuu alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga. Hakuweza kupanda bodaboda wala kubanwa kwenye matatu. Nikaomba gari nikamchukue, na Meneja, kwa heshima ya mzee aliyeitumikia hoteli, akakubali papo hapo.

Nilimkuta Kinango saa tatu asubuhi, amevaa kanzu nyeupe na koti, ameketi nje ya nyumba yake na mkongojo magotini. Alilipapasa gari ubavuni kabla ya kunisalimu. Tukaingia barabarani. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa mafupi, na vumbi lilikuwa jepesi kiasi cha kuelea nyuma yetu muda mrefu, kama halikutaka kushuka. Alifumba macho. "Linaimba vizuri," akasema.

Tulipokaribia kuanza kupanda vilima vya Kwale, injini ikakohoa. Ikalipuka mara mbili kwenye bomba la moshi. Kisha ikanyamaza, na gari likajiburura hadi kando ya njia.

Nilifungua boneti. Yeye alibaki kwenye kiti, mlango wazi, akaniambia la kufanya. Nitoe kifuniko cha distributa. Nizifungue kontakti kwa bisibisi na swichi ikiwa imewashwa. Cheche ni ya namna gani? akauliza.

"Kubwa," nikasema. "Inaruka kwenye kontakti zenyewe. Na kwenye plagi ni hafifu, ya manjano."

"Kondensa," akasema. "Iko kwenye buluu."

Nilisimama na bisibisi mkononi. Nilimwona akiinama kidogo, akipapasa chini ya kiti cha nyuma kwa mkono alioweza kuufikisha, na nikamwacha apapase. Mkono wake ulipotoka mtupu, nikamwambia yote: Meneja, mabegi, rafu ya chini.

"Nawe ulisemaje?"

"Nilisema sawa."

Alitazama barabara, kisha akaomba simu.

Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Alimpata dada wa marehemu mkewe, naye akampa Imamu. Nilisikia upande mmoja tu wa maneno, lakini mzee aliyarudia majibu ya Imamu kwa sauti. Nikaha ilikuwa ni baada ya Adhuhuri. Imamu alimwambia kwamba sheria si ngumu: anaweza kumteua nduguye, ami yake bibi harusi, awe wakili, na mambo yatatimia bila yeye. Kisha Mejumaa mwenyewe akaichukua simu. Fundi Mkuu akaiweka sauti juu na kuilaza simu gotini.

"Mwanangu, gari limekataa. Ukisema niteue, nateua sasa hivi."

Simu ilikwaruza, kisha sauti ya Mejumaa ikaja.

"Baba, siku nilipoanza shule ulikuwa kwenye gari. Siku nilipofuzu ulikuwa kwenye gari."

"Naam."

"Nitangoja mpaka Alasiri. Ikipita, ami ataniozesha."

"Alasiri," akasema, na kunirudishia simu.

Lile gari la kuvuta lililosifiwa nalo nililipigia. Lilikuwa Mombasa, ng'ambo ya feri, na lisingefika kabla ya jioni. Nilikaa kwenye mawe kando ya njia. Jua lilikuwa limepanda, na joto lilifanya barabara ionekane kama inapumua. Sijui tulikaa vile dakika ngapi. Ndipo Fundi Mkuu akainua kidole.

"Unasikia?"

Kwa mbali, ng'ambo ya vichaka, kulikuwa na mlio: tu-tu-tu-tu, ukipotea na kurudi pamoja na upepo.

"Pampu ya maji," akasema. "Tena ya kikale. Injini yake inakwenda kwa kontakti, kama hili. Nenda."

Nilitembea nikiufuata mlio huo, bisibisi bado mkononi. Nilipita uwanja wa miiba, nikapita mbuzi waliosimama wamejibana kivulini, mpaka nikafika kwenye bwawa lililobaki tope na maji kidogo katikati. Mwanamume wa makamo alikuwa amesimama karibu na pampu iliyovuta maji kuyapeleka kwenye hodhi, na ng'ombe walikuwa wamejipanga wakinywa. Ubavuni mwa ile injini, imefungwa kwa skrubu moja, niliiona: kikopo cha chuma chenye uzi mmoja.

Nilimsalimu, tukaulizana hali kama desturi ilivyo, kisha nikamweleza. Alinisikiliza bila kuzima injini.

"Hii ndiyo inayonywesha ng'ombe wa nyumba sita," akasema. "Na maji unayaona."

"Nitakurudishia leo, jua halijatua. Chukua kitambulisho changu."

"Kitambulisho hakivuti maji, dada." Akatazama upande wa barabara, ambako gari halikuonekana. "Huyo mzee ni nani?"

"Ni baba wa bibi harusi. Wanamngoja Msambweni."

Akawatazama ng'ombe. Kisha akainama na kuzima pampu. Ukimya ulioingia pale ulikuwa mkubwa hata ng'ombe waliinua vichwa. "Hawa nusu wameshakunywa," akasema. "Wengine watangoja. Nipe hiyo bisibisi."

Niliporudi garini niliifunga kondensa ile kwa waya alionipa mwenye pampu, kwani tundu lake halikulingana na la gari letu, huku Fundi Mkuu akinielekeza, sauti yake ikiwa ileile ya gereji. Nilisugua kontakti kwa kipande cha kiberiti maana hata msasa sikuwa nao. Nikapiga stata. Injini ikashika, ikatetemeka, ikatulia.

Tulifika Msambweni saa tisa. Imamu alikuwa barazani na wazee, saa mkononi. Wanaume wawili walimbeba Fundi Mkuu kwa mikono hadi ndani, kanzu yake imejaa vumbi, na kutoka vyumbani wanawake wakapiga vigelegele. Sikuingia. Nilimwona Mejumaa dirishani kwa kitambo kidogo, amejifunika, akimtazama babake anavyopitishwa. Nikageuza gari. Nilipitia Diani, nikalitoa sanduku kwenye rafu ya chini bila kumwuliza mtu, nikabadilisha kondensa, nikapanda tena hadi upande wa Kinango. Jua lilikuwa limegusa vilima mwenye pampu alipoipokea kondensa yake na moja mpya juu. Aliifunga ile yake, akavuta kamba, na maji yakaja.

Asubuhi yake nilimwendea Meneja ofisini kabla hajanywa chai. Nilimweleza yaliyotokea, kisha nikasema, "Sanduku limerudi garini, Bwana Meneja. Kama halitakiwi, basi nami nirudishe kwenye cherehani."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Madam, mbona hukuniambia hivyo mapema?" Swali hilo lilikuwa la haki. Sanduku likabaki.

Wiki iliyofuata nilimrudisha Fundi Mkuu kwao. Tulikwenda njia nzima bila kulitaja jambo lile. Tulipofika, nikamsaidia kushuka, akauliza, "Umemwambia?" Nikasema nimemwambia. Akaitikia kwa kichwa, akaniagiza nipeleke magunia mawili ya mihogo kwa mwenye pampu. Alifariki miaka michache baadaye, akiwa amempakata mjukuu mara nyingi.

Hoteli ilipoyauza magari, lile la mtindi lilinunuliwa na daktari mstaafu wa Msambweni, mwanamke mwenye ucheshi mkavu, aliyesema ananinunua mimi na gari anapewa bure. Nilimwendesha miaka kumi na mmoja. Ninyi mnaoyapenda magari haya huja kuniuliza mbebe nini, nami huwaambia kila kitu, hata sabuni. Lakini kuna kazi ambayo hakuna anayewaambia: masikio hayapumziki. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuona bahari nikiwa kwenye gari, ingawa nilipita kando yake kila siku. Nilikuwa nikisikiliza.

Siku yangu ya mwisho kazini, Daktari alichukua ufunguo mkononi mwangu. "Leo kaa nyuma, Syombua. Mimi ndiye dereva wako."

"Bi Daktari, klachi yake—"

"Kaa nyuma."

Nilikaa. Aligonga gia mara mbili tukitoka, na nikauma midomo. Minazi ikapita, ikapita, mwanga ukiingia na kutoka kwenye vioo. Nakumbuka daraja moja. Nakumbuka harufu ya mwani. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho, injini ilikuwa imezimwa na gari limesimama mbele ya lango langu, Ukunda. Daktari alikuwa ameketi kimya, mikono juu ya usukani, hajageuka.

"Tumefika kitambo?" niliuliza.

"Kitambo kidogo," akasema. "Endelea kulala, mama."