Maji Yaliyotangulia Chakula

Jirani ameanika mukene, na uvundo wa dagaa hao umenirudisha Walukuba, mtaa nilikokulia. Siku tuliyokosa chakula, Mama alibandika maji kwanza, akisema Mungu ameahidi kutulisha. Punde mchuuzi wa samaki akatuletea mukene waliomdodea, wamejaa mchanga na wameanza kuoza.

Nilitema tonge la kwanza. "Mama, hii ni chakula ya kuku!"

"Mungu aliahidi chakula," alisema, mchanga ukilia menoni mwake. "Harufu nzuri hakuahidi. Meza."

Nikameza, machozi yakinitoka.

Hata leo nimeziba pua. Jikoni kwangu maji matupu yanachemka, na jirani anapiga hodi, bakuli mkononi. Mungu wangu, mukene tena!